Barbosa du Bocage na papa mweusi wa Setúbal

Safari hii tunaenda Ureno, ile nchi wengi wetu tunaita Portugal, kuangalia maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani. Jina lake José Vicente Barbosa du Bocage. Kwao ni mtu mkubwa: alikuwa profesa, alikuwa waziri, na muze ya wanyama ya Lisboa ilipewa jina lake. Kwetu wanaomjua ni wachache, hata kama mambo yake yaligusa mpaka wa nchi yetu, na rafiki aliyefanya naye kazi alikuwa na mdogo wake aliyekanyaga udongo wa Katanga. Tutafika huko. Lakini tumemchagua kwanza juu ya samaki mmoja, papa mweusi anayeishi chini kabisa baharini, na juu ya watu waliomtoa kule chini.

Bocage alizaliwa tarehe 2 mwezi wa tano 1823, Funchal, ku kisiwa cha Madeira. Jina la ukoo lilikuwa linajulikana tayari: yule mshairi Bocage, ambaye watoto wa Ureno wanamsoma shuleni mpaka leo, alikuwa ndugu wa ukoo wao. Kijana alisoma udaktari ku Université ya Coimbra. Angeweza kubaki daktari tu, akatibu watu, akala vizuri. Yeye akapenda wanyama. Akaingia kufundisha ku Escola Politécnica ya Lisboa, akafundisha elimu ya wanyama zaidi ya miaka 30.

Mwaka wa 1858 vitu vya muze ya zamani ya mfalme, ile ya Ajuda, vilihamishwa ku ile shule, na Bocage akapewa kuviangalia. Alichopokea kilikuwa mabaki. Miaka 50 mbele yake, mwaka wa 1808, wakati askari wa Napoléon walikuwa wameshika Lisboa, mwalimu mmoja wa Paris, Geoffroy Saint-Hilaire, alikuja kuchagua muzeni humo wanyama wazuri waliotoka Brazili na kwingine, akavifunga katika masanduku, vikaenda Ufaransa. Sisi Wakongo tunaowaza vitu vyetu vilivyo Tervuren tunaelewa hiyo hadithi bila kuelezwa mara mbili. Bocage mwenyewe alikwenda Paris mwaka wa 1859 kudai. Hawakumrudishia vilevile vilivyochukuliwa, lakini hakurudi mikono mitupu: walimpa wanyama wengine wa kujaza nafasi. Kwa mtu wa nchi ndogo kusimama mbele ya wakubwa wa Paris na kutoka na kitu, ile si kazi kidogo.

Sasa muze ilikuwa na makabati, lakini ilihitaji kujazwa na vitu vya nyumbani vilevile. Njo hapa wavuvi wanaingia.

Kusini ya Lisboa kuna miji miwili ya wavuvi, Setúbal na Sesimbra. Mbele ya hiyo pwani bahari haiteremki polepole kama mteremko wa barabara. Inaanguka. Ukitoka na mashua, baada ya safari fupi uko juu ya shimo la meta mamia na mamia. Wavuvi wa huko walikuwa na kazi yao ya kipekee: kuvua papa wa chini. Papa ni ile samaki Wafaransa wanaita requin, lakini msifikirie yule wa filamu anayekula watu. Hawa ni wa meta moja na kitu, weusi, wenye macho makubwa ya kijani. Wavuvi waliwatafuta zaidi juu ya maini. Ini la papa wa chini ni kubwa sana ukilinganisha na mwili wake, na limejaa mafuta. Ngozi yao nayo ni kali. Maseremala waliitumia kulainisha mbao. Mpaka leo katika Kireno neno lixa ni jina la papa mmoja wa chini na ni jina la karatasi ya msasa.

Namna ya kuvua ilikuwa hii. Mashua wazi, bila paa, watu wanane hivi ndani. Kamba ndefu kupita meta elfu moja. Mwishoni mwa kamba wanafunga ndoana nyingi zenye chambo, wanaiteremsha mpaka igonge chini, wanangoja, halafu wanavuta. Wanavuta kwa mikono. Watu wa Kipushi wanajua meta elfu moja ni nini, wameziteremka katika lifti ya mgodi. Basi wawaze kupandisha mzigo kutoka urefu huo kwa mikono, kamba imelowa maji, mashua inacheza. Na papa, wakifika juu, hawapigani. Wanaingia katika mashua wamelegea kama magunia, wamekwisha kufa au wako karibu. Mtu wa chini ukimpandisha kwa nguvu mpaka juu, mwili wake hauvumilii.

Wakati huohuo, wenye elimu wa Ulaya walikuwa wanafundisha kwamba chini ya meta 550 hivi hakuna kinachoishi baharini. Aliyeleta wazo hilo alikuwa Mwingereza Edward Forbes. Alikokota wavu wa chuma chini ya bahari ya Aegean, kule Ugiriki, akaona kila akishuka wanyama wanapungua, akapiga hesabu, na mwaka wa 1843 akasema kuna mahali wanaisha. Hesabu yake haikuwa ya kijinga, bahari ya Aegean ni maskini kweli. Lakini wazo lilienea kama sheria. Hakuna mwanga, baridi ni kali, uzito wa maji ungesaga kila kitu, basi maisha hayawezekani. Na mwaka kwa mwaka, asubuhi kwa asubuhi, wavuvi wa Setúbal walikuwa wanapandisha ku meta 900 samaki wa kilo nyingi, wanawakata maini, wanauza.

Hakuna aliyewauliza. Sisi tunaofanya kazi ya sendika tunaijua hali hiyo. Mtu anaweza kuwa na ripoti nzuri ya ofisi inayosema ukuta wa shimo uko imara, na mchimbaji anayelala na harufu ya ile shimo katika nguo zake anajua si kweli.

Bocage aliuliza. Kwetu hii njo sehemu kubwa ya maisha yake, kupita hata uwaziri. Pamoja naye alikuwa Félix António de Brito Capello, kijana aliyezaliwa Palmela, mji wa mlimani wenye ngome, ambako ukisimama unaona Setúbal kwa chini. Hawa wawili walichukua papa waliotolewa na wavuvi, wakawaweka mezani, wakaanza kazi ya kuwatambua.

Tueleze kidogo kazi hiyo, sababu watu wanafikiri kutambulisha mnyama mpya ni kumwona tu na kumpa jina. Hapana. Unampima kutoka pua mpaka ncha ya mkia, halafu kutoka pua mpaka jicho, jicho mpaka pezi, kila kipande. Unafungua kinywa na kuangalia meno ya juu na ya chini, umbo lao na namna yanavyopangwa. Unachukua kipande cha ngozi na kukiangalia na kioo cha kukuza. Kisha unafungua vitabu vyote vilivyoandikwa juu ya papa, moja kwa moja, unatafuta kama kuna mwingine aliyekwisha kumwandika. Ukikosa, unaandika wewe: yuko hivi, anatofautiana na yule hapa na pale. Unampa jina la maneno mawili, la Kilatini ao la Kigiriki, ili Mjerumani na Mjapani wamwite sawasawa. Na mnyama mwenyewe unamweka katika pombe kali, ndani ya muze, awe shahidi. Akija mtu kesho akibisha, anafungua chupa, anaangalia. Ni kama kesi ku tribunali ya kazi: maneno bila karatasi na bila shahidi yanapeperuka.

Mwaka wa 1864 Bocage na Capello walitoa maandishi yao. Walikuwa Wareno, wakaandika kwa Kifaransa, ikachapwa Londoni katika gazeti la chama cha elimu ya wanyama. Walijua wasomaji wao wako wapi. Ndani mlikuwa papa kadhaa ambao hakuna kitabu kilichokuwa nao, na mmoja wao njo yule tunayemsema: Centroscymnus coelolepis. Jina refu, lakini maana yake ni rahisi. Sehemu ya kwanza inasema habari ya mwiba: mbele ya kila pezi la mgongoni kuna mwiba mdogo, karibu wote umefichwa na ngozi, unausikia na kidole mbele ya kuuona. Sehemu ya pili inasema magamba yenye shimo. Papa mkubwa wa aina hii ana magamba ya mviringo, laini, yamebonyea katikati kama kijiko kidogo. Mtoto wake ana magamba mengine, yenye michirizi na ncha, hata mtu asiyejua angeweza kuwaita wanyama wawili tofauti. Meno ya juu ni membamba kama misumari. Ya chini ni mapana, yamelala upande mmoja, yamegusana mpaka yanakuwa kisu kimoja. Pezi la chini ya tumbo karibu na mkia, ambalo papa wengi wanalo, yeye hana.

Mambo mengine yalijulikana nyuma, na watu wengine. Ukubwa wake haupiti sana meta 1 na sentimeta 20. Yuko karibu kila bahari kubwa, Atlantiki, sehemu za bahari ya Hindi na Pasifiki, hata Mediterane. Amepatikana mpaka meta 3.675 chini, na katika papa wote wanaojulikana hakuna aliyepatikana chini kuliko yeye. Hana mfuko wa hewa wa kumwelesha kama samaki wengine; anabebwa na mafuta ya ini lake, ambayo ni mepesi kuliko maji. Anakula pweza na ngisi, samaki, na anajua kung'ata vipande vya nyangumi. Mayai yanapasuka ndani ya tumbo la mama na watoto wanatoka hai, kumi na wawili hivi, wakati mwingine zaidi. Hazai mara nyingi. Kumbukeni hilo, tutalirudilia.

Ku mwaka uleule wa 1864 Bocage aliandika pia juu ya kitu kingine ambacho ndoana za papa zilikuwa zinapandisha: sponji ya ajabu yenye mkia wa nyuzi kama kioo, nyuzi zilizosokotwa kama kamba. Wenye elimu waliijua kutoka Japani tu. Kusema iko Ureno, tena chini namna hiyo, wengine walitia shaka. Ushahidi wa Bocage ulikuwa neno la wavuvi na vitu vyenyewe.

Basi mwaka wa 1868 akaja Edward Perceval Wright, profesa wa Dublin, kuhakikisha kwa macho yake. Alitoka na wavuvi wa Setúbal katika mashua yao wazi. Akateremsha chombo cha kukokota mpaka meta 880 hivi, akapandisha ile sponji, hai, na matope yake. Akawaona pia wakivuta papa wao, mmoja nyuma ya mwingine. Mwaka wa 1873 Wyville Thomson, mkubwa wa utafiti wa bahari kule Uingereza, akayaweka mambo hayo katika kitabu chake juu ya vilindi. Wakati huo meli ya Challenger ilikuwa imekwisha kutoka kuzunguka dunia ikipima vilindi, na wazo la Forbes lilikuwa limekufa. Wavuvi wa Setúbal hawakuwa peke yao kuliua, kulikuwa na vipimo vya Wanorwe na vya Waingereza pia. Lakini walikuwa na ushahidi katika mashua siku zote.

Majina yao hatuna. Ya Bocage na ya Capello yanafuata jina la papa katika kila kitabu, pamoja na mwaka, 1864, ni desturi ya elimu hiyo. Ya wale waliovuta kamba hakuna kitabu kinachoyabeba. Kwetu ni vilevile: kuna jiwe la buluu lilitambuliwa ku mgodi wa Étoile, Kalukuluku yetu, linaitwa cornetite, jina la Mbelgiji Jules Cornet. Cornet alikuwa mtaalamu kweli, hatumwondolei kitu. Lakini wazee wetu walaji wa shaba walikuwa wanachimba na kuyeyusha katika nchi hii mbele babu yake hajazaliwa, na hakuna jiwe lenye jina la mmoja wao.

Tulisema habari ya mdogo wake Capello. Félix, yule wa samaki, alikuwa na ndugu, mmoja anaitwa Hermenegildo, askari wa majini. Huyo njo aliyevuka Afrika pamoja na Roberto Ivens mwaka wa 1884 na 1885, kutoka pwani ya Angola mpaka Msumbiji, na njia yao ilipita Garenganze, nchi ya Msiri. Félix hakuyaona, alikufa mwaka wa 1879. Watoto wa nyumba moja ya Palmela, mmoja anahesabu meno ya papa, mwingine anachora mito ya Katanga.

Na Bocage mwenyewe? Alikuwa amekwisha kuongoza chama cha jiografia cha Lisboa, chama kilichosukuma Ureno ishike zaidi Afrika. Mwaka wa 1883 akaingia serikalini, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa waziri wa mambo ya nchi za nje. Wakati mbaya, ao wakati mzuri, inategemea unasimama upande gani. Tarehe 26 mwezi wa pili 1884 Ureno na Uingereza walitia sahihi mapatano: mdomo wa mto Kongo ungekuwa wa Ureno. Wafaransa, Wajerumani, Léopold na chama chake, hata wafanyabiashara wa Kiingereza, wote wakapiga kelele. Mapatano yakafa mwaka uleule. Ikafuata mkutano wa Berlin, kuanzia mwezi wa kumi na moja 1884. Bocage hakukaa mezani Berlin. Wajumbe wake walikuwa huko, yeye Lisboa akiongoza. Tarehe 14 mwezi wa pili 1885 Ureno na chama cha Léopold wakagawana: Ureno akabaki na Cabinda na ukingo wa kushoto wa mto mpaka Noqui, Léopold akapata Banana, Boma na Matadi. Mkiangalia karta ya Kongo na kujiuliza juu ya nini nchi kubwa hivi ina dirisha la bahari la kilometa 40 hivi tu, jibu liko katika karatasi hiyo.

Mtu huyuhuyu, ambaye aliuliza wavuvi kamba yao inafika wapi na akaamini jibu lao, hakuuliza watu wa Banana wala wa Cabinda wanataka nini. Hatusemi alikuwa mbaya kuliko wengine, ku Berlin hakuna mmoja aliyeuliza. Lakini tunamweka hapo alipo, na mikono yake yote miwili.

Mwaka wa 1886 serikali yake ilianguka, akarudia wanyama. Kutoka Angola, José de Anchieta, aliyeishi huko miaka na miaka mpaka akafa huko 1897, alimtumia ndege, nyoka, vyura, panya, masanduku kwa masanduku. Bocage alikuwa amekwisha kuandika kitabu kikubwa cha ndege wa Angola, na mwaka wa 1895 akatoa cha nyoka na vyura wa Angola na Kongo. Cha mwisho hicho bado kinafunguliwa na wanaosoma wanyama wa nchi zetu. Mwaka wa 1904 mfalme Carlos mwenyewe, aliyependa bahari kuliko siasa, alichapisha kitabu juu ya papa wa pwani ya Ureno, akifuata njia iliyofunguliwa na Bocage. Mwaka wa 1905 muze ikapewa jina la mzee. Tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 1907 akafa Lisboa, na miaka 84. Miezi mitatu nyuma yake mfalme Carlos akapigwa risasi barabarani.

Muze ilidumu mpaka tarehe 18 mwezi wa tatu 1978. Siku hiyo moto uliwaka ndani ya ile nyumba ya Escola Politécnica. Chupa za pombe kali, wanyama waliokaushwa, mbao za karne nzima: uliteketeza karibu yote, ya baharini na ya Angola. Wale mashahidi waliowekwa ili mtu afungue na kuangalia, wengi wao hawapo tena. Anayetaka kubishana leo anatumia maandishi ya zamani, ao anarudi baharini.

Na baharini wamepungua. Mafuta ya ini la papa wa chini yalipata bei kubwa juu ya vipodozi na dawa, meli za nyavu kubwa zikashuka kule ambako zamani ilifika kamba ya mkono tu. Samaki anayezaa polepole hawezi kukimbizana na mashine. Kuanzia 2010 nchi za umoja wa Ulaya ziliweka kiasi cha kuvua papa wa vilindi kuwa sifuri. Lakini mvuvi wa Sesimbra bado anateremsha kamba yake kutafuta samaki mwingine, ule mrefu mweusi kama upanga, na yule anaishi palepale anapoishi papa wetu. Ndoana haichagui. Papa anapanda, amekwisha kufa, na sheria inasema amrudishe majini. Watu wa Sesimbra hawamwiti Centroscymnus. Wanamwita carocho.